Kula njama: tafuta makubaliano kwanza

Vijana wanaojiandaa kwa mtihani wa uwakili wa Law School hapa Dar es Salaam wana kawaida moja inayoniumiza. Wakiona neno njama kwenye swali, wanaanza kutafuta nani alifanya nini. Matokeo ya 2022, ambapo waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 kati ya 633, yalitufundisha kwamba kukariri vifungu hakutoshi.

Chukua watu wawili wamekaa mgahawani, karatasi yenye mchoro wa ghala iko mezani. Wanakubaliana kulivunja Ijumaa usiku na kuiba. Alhamisi mmoja anaingiwa na hofu, anajitoa. Ghala halijaguswa. Wengi wataandika hakuna kosa. Lipo! Kosa la kula njama chini ya kifungu cha 384 cha Kanuni ya Adhabu (namba ni za toleo la 2019) lilikamilika palepale walipokubaliana, na adhabu yake inaweza kufika miaka saba jela. Kujitoa baadaye hakufuti kosa, labda kupunguze adhabu.

Sasa tuseme walikwenda, na katika purukushani mlinzi akauawa. Hapo unahamia kifungu cha 23, nia ya pamoja, na swali linakuwa je, kifo hicho kilikuwa tokeo linalotarajiwa la mpango wao? Njama ni kosa lenyewe. Nia ya pamoja si kosa, ni njia ya kumbebesha kila mmoja kosa lililotendwa. Anayechanganya haya mawili anapoteza alama nyingi.

Mtego mwingine ni mke na mume. Katika kesi ya Mawji, iliyotoka Tanganyika na kuripotiwa 1957, Privy Council ya London, iliyokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa enzi za ukoloni, ilisema wanandoa peke yao hawawezi kutiwa hatiani kwa kula njama wao kwa wao. Akiongezeka mtu wa tatu, kinga hiyo haipo. Mimi naona kanuni hii imepitwa na wakati, lakini kwenye mtihani iandike kama ilivyo.

Linalonikera zaidi ni hati za mashtaka zinazobandika njama juu ya kosa ambalo tayari limetendwa. Wanafunzi wanaziona mahakamani, wanadhani ndivyo sheria inavyotaka. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 335 ya 2009, ilisema si sahihi kushtaki njama na unyang'anyi wa kutumia silaha katika hati moja. Ukipewa hati ya namna hiyo, pinga shitaka la njama kabla hujagusa ushahidi.