Orodha za vyuo bora: tuulize kwanza zinapima nini

Mwandishi wa makala moja niliyoisoma anawashauri wazazi waanze na orodha za kimataifa za vyuo bora kabla ya kumchagulia mtoto chuo. Sawa, lakini angetueleza pia zinapikwaje. Ile ya Shanghai, iliyoanza 2003, inatoa asilimia 30 ya alama kwa tuzo za Nobel na medali za Fields (tuzo kubwa ya hisabati), za waliosoma katika chuo husika na wanaofundisha hapo. Sasa kijana anayetaka kusomea uhasibu, mshindi wa Nobel ya fizikia atamfaa nini? Huenda asimwone darasani hata siku moja. QS, orodha nyingine ya kimataifa, nayo inategemea sana sifa: wasomi wanaulizwa vyuo gani wanaviona bora, na mtu hutaja jina alilokwisha kulisikia.

Halafu kuna takwimu zinazopelekwa na vyuo vyenyewe. Mwaka 2022 profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Michael Thaddeus, alizichambua takwimu ambazo chuo chake kiliwapa U.S. News, watoaji wa orodha ya vyuo vya Marekani, akaonyesha haziendani na hali halisi. Katika orodha hiyo Columbia ikaporomoka kutoka nafasi ya 2 hadi ya 18. Je, ufundishaji nao uliharibika ndani ya miezi hiyo michache? Thubutu!

Sisemi orodha zitupwe. Anayetafuta mahali pa kusomea uzamivu zitamsaidia kujua utafiti unafanyika wapi. Kwa shahada ya kwanza, ulizeni wangapi wanamaliza, ada hadi mwisho ni kiasi gani, na nani hasa anaingia darasani kufundisha.