Mswaki upewe nyota, dagaa waachwe

Kwa dada yangu, Kibirizi hapa Kigoma, nyuma ya mlango wa jikoni kuna karatasi iliyochanwa kwenye kalenda ya mwaka jana. Upande mweupe umepigwa mistari: kupiga mswaki, kunawa miguu, kulala bila ugomvi. Mpwa wangu wa miaka mitano akitimiza jambo, anachorewa nyota kwa kalamu nyekundu. Zikifika 10, kashata moja.

Mama yetu hakutaka hata kuitazama. "Mnamfundisha uchuuzi huyo. Kesho atawauliza shikamoo bei gani." Tulicheka, lakini mswaki uliokuwa vita kila asubuhi ulitulia ndani ya wiki mbili.

Bibi huyu ana ushahidi upande wake, ingawa hajui. Mwaka 1973 wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett walichapisha utafiti walioufanya katika shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Walichagua watoto ambao tayari walipenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe, la pili likapewa cheti hichohicho bila kutegemea, la tatu halikupewa kitu. Baada ya wiki moja mbili, walioahidiwa walikuwa wakichora kwa takribani nusu ya muda wa wenzao. Walioshtukizwa hawakupoteza hamu.

Haya niliyaona Kibirizi. Mpwa wangu alikuwa mlinzi wa dagaa walioanikwa: anakimbia na tete mkononi, anawapigia kunguru kelele, anarudi akihema kwa furaha. Hakuna aliyemtuma. Dada, kwa kunogewa na mafanikio ya mswaki, akaongeza mstari wa dagaa. Haikupita wiki kunguru wakatua, mtoto akageuza shingo: "Mama, hii ina nyota?" Akajibiwa kalamu imeisha wino. Basi akaendelea kuchora gari lake mchangani, kunguru wakidonoa.

Ila mswaki si kunguru. Mtoto hakuwahi kuupenda, kwa hiyo hapakuwa na hamu ya kuharibu. Wapo watafiti waliolishikilia hilo hasa: kwa kazi isiyovutia tangu mwanzo, zawadi inaweza kusaidia. Nami nakubaliana nao, mradi jambo lenyewe liwe ndani ya uwezo wa mtoto. Jirani alitaka kuiga karatasi hiyo kwa bintiye anayekojoa kitandani, nyota moja kwa kila usiku mkavu. Hapo nilimzuia. Mtoto aliyelala hachagui kukojoa. Akikosa nyota ataona ameadhibiwa kwa usingizi wake. Nyota, kama ni lazima, iwe ya kwenda chooni kabla ya kulala.

Tena tusiilinganishe karatasi hii na mzazi mwenye subira isiyoisha, maana huyo sijamwona mtaani kwetu. Inalinganishwa na fimbo. Hata kanuni za shule zetu bado zinaruhusu viboko, visizidi vinne. Kwa mizani hiyo, kashata ina nafuu kubwa. Na kuna jambo ambalo mama yetu halioni: karatasi imembadilisha dada kuliko mtoto. Zamani jioni alirudi kutoka mwaloni, ufukweni kwa wavuvi, amechoka, akitafuta la kukaripia. Sasa anasimama mlangoni na kalamu, akitafuta la kusifia. Siku anaporudi usiku na kusahau, kesho yake mtoto anadai nyota zake kama mkopeshaji, na hapo Bibi anakohoa kwa maana.

Mstari wa dagaa umefutwa kwa mkaa. Kashata ya kunguru ipo bado, ila inakuja bila ahadi, siku ambayo dada amejisikia. Siku nyingine mtoto anaokota tete lake na kukimbia. Siku nyingine anauliza kwanza.