Taima ya kompyuta kuukuu: kungoja kuamshwa au kukesha?

Mpiga dumbaki mmoja wa Kikwajuni aliniomba nimtengenezee kigonga mapigo cha kufanyishia wanafunzi wake mazoezi. Kompyuta tuliyokuwa nayo ni 486 ya mtumba inayoendeshwa na DOS. Nikaandika programu ya kugonga spika mara 120 kwa dakika, nikajua kazi imekwisha. Hata wimbo mmoja haukumalizika: "Maalim, mashine yako inakimbia."

Hakukosea. Tangu ile PC ya IBM ya 1981, intarapti ya taima, yaani ule mkatizo unaoilazimisha prosesa iache kazi yake ihudumie nyingine, huja mara 18.2 tu kwa sekunde, kila baada ya milisekunde 54.9. Mimi nilihitaji milisekunde 500 baina ya pigo na pigo. Mikatizo tisa inatoa 494. Wimbo wa dakika tatu ukiisha, mashine imeshamtangulia mpigaji kwa sekunde mbili nzima.

Chipu ya taima yenyewe, 8253 na baadaye 8254, si mvivu hata kidogo. Huhesabu kwenda chini mara 1,193,182 kwa sekunde, moja ya kumi na mbili ya kasi ya kristali iliyochaguliwa iendane na rangi za televisheni za Marekani. (Zanzibar tulipata televisheni ya rangi mapema miaka ya 1970, lakini kwa mfumo wa PAL, kwa hiyo namba hiyo ilikuwa haituhusu ndewe wala sikio.) Zile 18.2 zinatokana na kugawa kasi hiyo kwa 65,536, namba kubwa kuliko zote inazokubali. Ukitaka mikatizo ya haraka zaidi, unaipa namba ndogo.

Hapo ndipo wenzangu wanapogawanyika. Wako wanaosema taima ipangwe upya, programu iamshwe na intarapti, kama mtu anayelala akijua wapiga daku watapita. Wengine wanasema kesha mwenyewe: zima mikatizo, kaa kwenye kitanzi, yaani amri zinazojirudia, soma hesabu ya chipu mpaka wakati ufike.

Mimi nilianza na kundi la kwanza, tena kwa pupa. Nikaweka 1193, nikapata mikatizo elfu moja kwa sekunde, na kila mmoja nikaupitisha kwa BIOS, programu ya msingi ya mashine inayotunza saa, kama kawaida. BIOS haijui kwamba umebadilisha kitu, inahesabu kila mkatizo kuwa ni milisekunde 54.9 zile zile. Tulianza saa nne asubuhi, na dakika kumi hazijaisha saa ya kompyuta ikasoma magharibi. Ingekuwa Ramadhani, wangefuturu!

Hayo ndiyo madeni ya intarapti, na wanaoisifu huyapitia haraka. Usipoandika 20h (h ni alama ya namba za msingi wa kumi na sita) kwenye poti 20h, mlango wa chipu inayosimamia mikatizo, kuiarifu kwamba umeshauhudumia mkatizo, mashine inaganda. Ukitoka bila kurudisha anwani ya zamani ya mahali mkatizo ulipokuwa ukipelekwa, mkatizo unaofuata unarukia mahali ambapo programu yako haipo tena. Na mikatizo mingi inakula muda: kwenye 8088, prosesa ya ile PC ya 1981, ya megahezi 4.77, tukikisia kila mmoja unachukua mizunguko 200 ya prosesa, mikatizo elfu kumi kwa sekunde inameza zaidi ya asilimia 40 ya prosesa.

Wakeshaji nao wana hoja nzito. Kusoma hesabu ya chipu kunakupa kipimo cha chini ya mikrosekunde moja, wakati intarapti husubiri kwanza amri inayotekelezwa imalizike. Lakini wasichanganywe na wale wanaohesabu mizunguko ya kitanzi kitupu. Programu zilizoandikwa kwa lugha ya Turbo Pascal zilizopima kasi ya prosesa kwa mtindo huo ziliangukia kosa namba 200 mara tu mashine zilipokuwa na kasi kuliko walivyotarajia waandishi wake. Na mkeshaji halisi hafanyi jengine: mwanafunzi akitaka kupunguza mwendo kwa kibodi, mikatizo imezimwa, nani amsikie?

Kwa kigonga mapigo basi nimebaki na intarapti, ila kwa kiasi. Nimetumia 5966: unaandika 36h kwenye poti 43h, kisha 4Eh na 17h kwenye 40h, unapata mikatizo 200 kwa sekunde, na kosa la wimbo wa dakika tatu halifiki milisekunde tatu. Kila mkatizo naongeza 5966 kwenye jumla; ikivuka 65,536 natoa kiasi hicho na kuiita BIOS, vinginevyo namalizana na poti 20h mwenyewe. Saa ya ukutani na ya kompyuta sasa zinakwenda pamoja. Kama ningekuwa napima muda baina ya mapigo mawili ya mkono wake, ningekesha bila kusita.

Mwenye dumbaki hajarudi kulalamikia mwendo. Anachosema sasa ni kwamba spika inalia kama chura wa masika. Hiyo ni chaneli nyingine ya chipu ile ile, na huyo chura bado sijamweza.