Bahati nasibu ya shule huanza kabla haijachezeshwa

Agosti mwaka juzi, saa mbili usiku, mama mmoja wa Uvira, Kongo, alinipigia simu. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka zamu kwenye kiwanda cha kuku. "Mwalimu, uko nyumbani? Kuna karatasi za masomo hapa, sijui zinauliza nini." Kwake si mbali, dakika kumi kwa miguu. Hapa ni Clarkston, Georgia, mji mdogo ambao ukitoka dukani unaweza kusalimiana kwa Kiswahili na watu watatu kabla hujafika kwenye gari. Mimi ni mtu wa Kasulu, Tanzania, yeye alikaa miaka 19 kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hukohuko Kasulu. Tulikuwa majirani bila kujuana, tukaja kujuana ughaibuni.

Karatasi zilikuwa mezani, kando ya sufuria ya sombe. Moja ilikuwa na maswali matatu tu: mtoto anaelewa na kuzungumza lugha gani vizuri zaidi, nyumbani anazungumza lugha gani mara nyingi, na watu wazima wa nyumba hiyo wanaongea naye kwa lugha gani. Kijana wake mkubwa alikuwa ameshajaza kote: English, English, English. Nikamuuliza kulikoni. Akaangalia chini. Jirani alikuwa amewaambia kwamba ukiandika Kiswahili, mtoto anapelekwa darasa la wajinga.

Nimekutana na uongo huo zaidi ya mara moja, na unatuumiza kuliko tunavyofikiri. Fomu ile ndogo ndiyo ufunguo. Ukiandika lugha nyingine, shule inalazimika kumpima mtoto Kiingereza. Akionekana anahitaji msaada, lazima apewe, na mzazi ajulishwe ndani ya siku 30 tangu mwaka wa masomo uanze. Hata akishafuzu na kutolewa kwenye mpango, anaendelea kufuatiliwa kwa miaka 2. Mzazi asiyetaka ana haki ya kukataa. Haki hiyo ina watu walioipigania: wazazi wa watoto wa Kichina wa San Francisco walikwenda mahakamani, na mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, kwamba kumpa mtoto vitabu vilevile na mwalimu yuleyule si usawa ikiwa haelewi lugha inayofundishiwa. Sisi tunaandika English mara tatu na kuitupa haki hiyo kwa kalamu yetu wenyewe.

Nilifuta, tukaandika Kiswahili. Ndipo mama akaleta jambo lake hasa. Kuna shule ya chata ambayo rafiki yake wa kanisani anaisifu: nidhamu, sare, watoto wanasoma. Aliitaka hiyo.

Shule za chata, ambazo wengine huziita shule za mkataba, si za binafsi. Zinaendeshwa kwa kodi, hazitozi ada, ila kila moja ina bodi yake na mkataba wake badala ya kuamriwa kila kitu na wilaya. Minnesota ndiyo iliyotunga sheria ya kwanza, mwaka 1991. Haziruhusiwi kumkataa mtoto kwa sababu hajui Kiingereza. Waombaji wakizidi nafasi, inachezeshwa bahati nasibu. Ukisoma hapo unasema, basi, haki ni hiyo, Mungu akupe nini tena?

Huyu mama alifika Marekani Julai. Bahati nasibu ilikuwa imeshachezeshwa tangu majira ya kuchipua, waombaji walikuwa wameshajisajili majira ya baridi, wakati yeye bado anasubiri tarehe ya ndege Kigoma. Hakuna aliyemdanganya wala kumfukuza mlangoni. Karani aliyepokea simu yetu alikuwa mpole mno, akatuandikisha kwenye orodha ya kusubiri. Kila kanuni ilifuatwa, na mtoto wa mkimbizi akabaki nje.

Hapo ndipo ninapogombana na wanaozitetea shule hizi, ingawa mimi si adui yao. Bahati nasibu ni haki kwa waliomo kapuni. Nani aliingia kapuni? Aliyejua tarehe. Anayeweza kujaza fomu ya mtandaoni kwa Kiingereza. Mwenye gari, kwa sababu nyingi hazina basi. Mwenye mtoto mwingine tayari shuleni, maana ndugu hupewa kipaumbele, na sisi wageni hatuna ndugu ndani. Halafu baadhi hazijazi nafasi zinazoachwa wazi katikati ya mwaka. Wakati huohuo shule ya kawaida ya wilaya inampokea yeyote, siku yoyote, hata mtoto aliyetua uwanja wa ndege juzi. Kisha matokeo ya shule za aina zote mbili yanatangazwa kwenye jedwali moja na watu wanazipigia makofi za chata.

Usiniambie wazazi wetu hawazitaki. Boston ni ushahidi. Watoto wanaojifunza Kiingereza walikuwa wachache sana katika shule za chata za mji ule, mpaka mwaka 2010 jimbo la Massachusetts lilipotunga sheria ya kuzilazimisha ziwe na mpango wa kuwatafuta na kuwabakiza. Idadi ikapanda. Mtafiti Elizabeth Setren akafuatilia walioingia kwa bahati nasibu akiwalinganisha na walioikosa, akakuta kwamba hata wanaojifunza Kiingereza walioingia walipanda alama zaidi. Kwa hiyo wanaosema shule hizi haziwafai watoto wa aina hii nao wamekosea. Zinaweza kuwafaa, lakini kwanza mtu aende kuwatafuta.

Na zipo zilizokwenda. Hapa kwetu, kaunti ya DeKalb, International Community School ilifunguliwa mwaka 2002 kwa makusudi hasa ya kuwaweka darasa moja watoto wa wakimbizi na watoto wa wenyeji.

Kuingia ni nusu ya safari. Niliwahi kuitwa kutafsiri katika shule moja ya chata, sitaitaja. Mtoto alikuwa wa miaka 12, Mkongo, amesoma Nyarugusu. Kule shule za Wakongo hufuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Mwalimu alituonyesha daftari la hesabu lililojaa alama nyekundu. Mtoto aliandika 3,5 kila mahali badala ya 3.5. Nikamwambia mwalimu kwamba huyu anatumia mkato kama Wafaransa, majibu yake ni sahihi. Alinyamaza kidogo, akachukua kalamu, akaanza kusahihisha upya mbele yetu. Namheshimu mpaka leo kwa hilo. Lakini msaada wa lugha ulikuwa nini? Mwalimu mmoja aliyegawanywa kati ya majengo mawili, na siku zisizo zake mtoto anapewa tableti inayomfundisha majina ya rangi na wanyama. Mtoto anayejua sehemu na asilimia anaambiwa aguse picha ya bata.

Waliosoma Tanzania wanaijua hali hiyo. Umemaliza darasa la saba unaongoza, unaingia kidato cha kwanza, masomo yanageuka Kiingereza, na ghafla unakuwa mtu wa kunyamaza. Hukupoteza akili likizoni.

Kwa hiyo mzazi akiniuliza shule ipi, simwambii chata wala wilaya. Namwambia akaulize: walimu wa lugha ni wangapi, na wako hapa siku ngapi kwa wiki? Mkiniita kikao, mkalimani ni nani? Wakijibu kwamba mtoto mwenyewe atatafsiri, ondoka. Na mkalimani naye asiwe mtu yeyote tu. Kiswahili cha Uvira si cha Dar, na kuna wazee wa Kibembe wanaoitikia "ndiyo" kwa adabu tu, hata bila kuelewa. Maswali haya yana uzito zaidi sasa. Agosti 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ilifuta mwongozo wa mwaka 2015 uliozieleza shule wajibu wao kwa watoto hawa. Sheria zenyewe zipo, hukumu ya 1974 ipo, ila mkono uliokuwa ukizikumbusha umelegea.

Mama wa Uvira hakukata tamaa. Januari iliyofuata tulikaa tena meza ileile, tukajaza fomu ya bahati nasibu kwenye simu yangu. Machi majibu yakatoka: binti mdogo amepata, kaka yake hakupata. Nyumba ililipuka kwa vigelegele. Barua ilitaka nafasi ithibitishwe ndani ya siku 5, na chini kabisa ilieleza kwamba usafiri ni jukumu la mzazi. Shule iko mwendo wa nusu saa kwa gari. Gari la kiwandani humchukua mama saa kumi alfajiri. Tulizunguka kanisani, tukapiga simu kwa Warundi wa jengo la pili, tukauliza dereva mmoja anayebeba watoto akataja bei, mama akacheka kwa uchungu.

Siku ya sita nafasi ikaenda kwa aliyefuata kwenye orodha.