Mwandishi wa habari katika chuo cha sayansi

Kijana wa Chake Chake aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), huku moyo wake uko kwenye kalamu na kinasa sauti, ana uamuzi mgumu wa kufanya: aende kusomea uandishi wa habari SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, pale Kilimani, au ashike nafasi ya sayansi na uandishi aujifunze pembeni? Nafasi zenyewe zimeongezeka hapa nyumbani, kwani tangu 2023 lipo hata tawi la IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, pale Bweleo, linalofundisha sayansi ya data na akili mnemba.

Wanaopendekeza sayansi wana hoja nzito, na yaliyotokea Kisiwa Panza, Pemba, yanawapa nguvu. Machi 2024 watu tisa, wanane kati yao watoto, walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Kuandika idadi ya waliofariki na maneno ya kamanda wa polisi ni kazi ya asubuhi moja. Kueleza kwa nini nyama hiyo mara nyingine huwa na sumu, kwa nini kuipika hakuiondoi, na kwa nini watoto ndio huathirika zaidi, kunahitaji mtu asiyeogopa ripoti ya maabara. Mwani nao ni hivyo hivyo. Mkulima wa Paje atakuonesha kotonii, aina moja ya mwani, iliyopauka na kulainika mkononi, akwambie bahari imeharibika, ilhali spinosamu, aina nyingine, ya kamba ya pili bado nzima. Mwandishi anayejua kwamba kotonii haistahimili maji yakizidi joto ataiona habari iko hapo, kati ya kamba mbili; asiyejua atanukuu malalamiko na kuondoka.

Hata hivyo, maabara haifundishi namna ya kumhoji sheha asiyetaka kusema, wala kuandika taarifa ya dakika moja huku mhariri amesimama nyuma yako. Tena iko sheria: wanaotaka kufanya kazi Tanzania Bara, na Wazanzibari wengi huishia Dar es Salaam, hukutana na utaratibu wa ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kuwa mwandishi wa habari, uliowekwa na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, ambao huangalia vyeti vya taaluma. Linalonitia wasiwasi zaidi, lakini, ni lugha. Sayansi ya chuo kikuu husomwa kwa Kiingereza, na nimewasikia wahitimu hodari wakishindwa kumweleza bibi yao walichokitafiti. (Wahadhiri wao nao hushindwa vivyo hivyo.)

Mimi ningemshauri kijana huyu aende sayansi, maana msingi wake anao tayari, na kuanza kemia ukubwani ni kazi kubwa kuliko kujifunza kuandika habari. Lakini asisubiri shahada. Likizo ya mwaka wa kwanza inamtosha kwenda Redio Jamii Micheweni kuomba kujitolea, aeleze kasa na mwani kwa Kiswahili kinachoeleweka, na akubali mhariri ampunguzie maneno.