Video Itakuonyesha Ibada ya Wajapani, Historia Itafute Kwingine

Anayetaka kuielewa dini ya Wajapani namshauri aanze na video zisizo na msimulizi. Ziko nyingi YouTube: mtu ameshika kamera, anatembea, hasemi neno. Unasikia kokoto chini ya viatu vyake, maji yakichuruzika, watu wakipiga makofi. Wengi huziruka kwa kuwa ni ndefu na zinakula bando, wakakimbilia zile za dakika kumi zinazoahidi kukumalizia yote kuhusu Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, kabla chai haijapoa. Mimi nasema zile ndefu ndizo zinazofundisha.

Sababu iko kwenye dini yenyewe. Shinto haina mwasisi, haina kitabu kimoja cha mwongozo kama Biblia au Kurani, haina shahada unayoitamka ukawa muumini. Sisi tuliokulia kati ya msikiti na kanisa, swali letu la kwanza huwa: hawa wanaamini nini? Wajapani wengi ukiwauliza dini yao watakwambia hawana. Lakini mwaka mpya ukiingia, mamilioni yao wanapanga foleni kwenye baridi kwenda kuwasalimu kami, miungu ya mahali pale. Dini yao imo zaidi katika kutenda kuliko katika kukiri, na kutenda ndiko kamera inakokuonyesha vizuri kuliko kitabu chochote.

Chukua Fushimi Inari, kusini mwa Kyoto, ambako inasemekana ibada ilianza mwaka 711. Kila mtu ameshaziona picha za malango yake mekundu, torii, yaliyopangwa bega kwa bega kupanda mlima. Katika picha unaona wekundu mtupu. Katika video ndefu, mpiga picha akigeuka kutazama alikotoka, unaona kitu kingine kabisa: nguzo zote zimeandikwa kwa wino mweusi upande wa nyuma. Ni majina ya watu na makampuni waliotoa malango hayo, pamoja na tarehe. Inari ni kami wa mpunga, na kwa karne nyingi sasa ni wa biashara pia. Mfanyabiashara anaomba, mambo yake yananyooka, anarudi kutoa lango. Msitu mzima wa maombi na shukrani, na hakuna aliyekueleza, umeona mwenyewe.

Au tazama mikono. Kabla ya kusogea mbele, mgeni anajimwagia maji mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha anasukutua. Mwislamu atafikiri udhu mara moja, na si vibaya, kwa kuwa usafi ndio moyo wa jambo lenyewe. Mbele ya kami anainama mara mbili, anapiga makofi mawili, anainama tena mara moja. Sasa fungua video ya hekalu la Kibudha: hapo hawapigi makofi, wanaunganisha viganja kimya. Ukitazama video nne au tano za namna hii utaanza kujua uko wapi kabla hujasoma kibao.

Msimulizi akiingia, mambo yanabadilika. Wajapani wenyewe wanalijua hili kuliko wengi. Enzi za filamu bubu walikuwa na benshi, mtu aliyesimama kando ya pazia akiwasemea wahusika wote na kuwaeleza watazamaji kinachoendelea. Benshi maarufu aliweza kujaza ukumbi kuliko mwigizaji, na nguvu yao ilichangia filamu zenye sauti kuchelewa kushika Japani hadi miaka ya 1930. Kwetu wanaoenda vibanda umiza wanaifahamu kazi hiyo vizuri: DJ anayetafsiri filamu ndiye anayeamua nani mjanja na nani mjinga. Wengi wetu tunajifunza Japani kupitia sauti ya mtu wa tatu, mara nyingi Mmarekani au Mwingereza, na yeye ndiye anayetuchagulia nini ni cha ajabu na nini hakifai kutajwa.

Kinachoachwa ni kingi. Video za wageni kuhusu Ubudha wa Japani nyingi ni za Zen, madhehebu ya kuketi na kutafakari: bustani ya mchanga, mtawa ameketi. Ni nzuri, nazipenda. Lakini Wabudha wengi zaidi nchini humo ni wa Ardhi Safi, njia iliyoenezwa na Honen na Shinran katika karne za 12 na 13, ikawafikia wakulima na watu wasiojua kusoma kwa kuwafundisha kulitaja jina la Buddha Amida: Namu Amida Butsu. Pale Higashi Hongan-ji, Kyoto, imehifadhiwa kamba nene iliyosukwa kwa nywele za wanawake waumini. Hekalu liliungua mwaka 1864, na kamba za kawaida zilikuwa zikikatika wakati wa kuvuta magogo ya kulijenga upya, basi wanawake wakanyoa nywele. Ningetoa video mia za bustani za mchanga kwa moja inayokaa na kamba ile kwa nusu saa.

Historia ndiyo inayoteseka zaidi. Utaambiwa kwamba Wajapani wana dini mbili: Shinto na malango yake, Ubudha na mahekalu yake. Halafu unakutana na video ya Toyokawa Inari, mkoani Aichi, na unaona lango la torii na mamia ya sanamu za mbweha ndani ya hekalu la Zen. Kamera haijakosea. Kwa zaidi ya miaka elfu moja kami na mabuddha waliabudiwa pamoja, mara nyingi katika uwanja mmoja. Mwaka 1868 serikali mpya ya Mfalme Meiji, iliyotaka Shinto iwe nguzo ya dola na ya mfalme, iliamuru vitenganishwe. Sanamu zilivunjwa, kengele zikayeyushwa, watawa wakalazimishwa kuacha utawa. Mpaka ule safi tunaoonyeshwa leo kama wa kale ulichorwa na maofisa. Hilo halionekani kwenye picha hata ukiitazama mara kumi, lazima usome.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu nyingine ya kuwa makini, nayo ni Yasuke, Mwafrika aliyefika huko karne ya 16. Alifika Japani mwaka 1579 pamoja na Alessandro Valignano, mmisionari Mkatoliki wa shirika la Wajesuti, na kitabu cha Mjesuti Mfaransa kilichotoka mwaka 1627 kinasema alitoka Msumbiji. Mwaka 1581 alipelekwa mbele ya Oda Nobunaga, mbabe aliyekuwa akiiunganisha nchi, ambaye aliamuru asuguliwe kwa maji kuona kama weusi ule ungetoka. Haukutoka. Nobunaga akampenda, akampa nyumba, posho na upanga mfupi. Shajara ya bwana mmoja wa wakati huo inalitaja jina lake na urefu wake, kama mita 1.88. Juni 1582 Nobunaga alisalitiwa katika hekalu la Honno-ji akafa. Yasuke alikwenda kupigana upande wa mtoto wa Nobunaga, akasalimisha upanga, akarudishwa kwa Wajesuti. Kumbukumbu zinakomea hapo.

Mwandishi anaweza kuandika "kumbukumbu zinakomea hapo" akaweka nukta. Video haiwezi kukuonyesha kiwambo cheusi kwa dakika tano, kwa hiyo inachora: utoto wake, vita alivyoshinda, kichwa cha Nobunaga alichokiokoa kisiangukie mikononi mwa adui. Hadithi ya kichwa haimo katika maandishi ya wakati ule. Inanisumbua kuona vijana wetu wakiimeza, kwa sababu yaliyoandikwa yanatosha kabisa kumpa mtu huyu heshima.

Kuna mahali kamera yenyewe inasimamishwa, na hapo pia pana somo. Katika patakatifu pa Ise, makao ya Amaterasu, mungu wa jua, kupiga picha kunakoma kwenye ngazi za mwisho. Nyuma ya nyua za mbao unachungulia paa tu. Nyumba hiyo hujengwa upya kila baada ya miaka 20, kwenye kiwanja cha pembeni, kwa umbo lile lile, na maseremala wakongwe huwarithisha vijana kazi. Video nyingi husema imekuwa hivyo tangu mwaka 690 bila kukatika. Ilikatika. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia karne ya 15, zaidi ya miaka 120 ilipita bila nyumba kuu kujengwa upya, na kurudi kwake kulihitaji watu waliozunguka nchi wakichangisha fedha. Kwangu hiyo inaipa Ise uzito zaidi.

Mara ya mwisho ilikuwa 2013, ya 62. Ijayo ni 2033, na ibada za maandalizi zilianza mwaka 2025 kwa kukata miti ya hinoki, aina ya msaipresi, milimani. Mwenye nia ya kujifunza ana miaka kadhaa ya kufuatilia kazi hii hatua kwa hatua: magogo yakivutwa na wakazi kwa kamba, kisha, nyumba mpya ikikamilika, watu wakiingia wamevaa nyeupe, wamebeba mawe meupe ya kutandaza uwanjani, kabla mungu hajahamia na lango kufungwa. Tafuteni zilizorekodiwa na wenyeji wa Ise, hata kama hamwelewi Kijapani. Na Mswahili anayesoma au kufanya kazi huko akiweza kufika na kamera yake, akatusimulia kwa lugha yetu anachokiona na kusema wazi asichoruhusiwa kukiona, atakuwa ametusaidia sana.