Mchana wa Kiitaliano mjini Nagoya, na kwa nini kule Malindi hicho bado ni chakula cha wageni

Ukimwambia mtu wa nyumbani kwamba Japani watu hula chakula cha Kiitaliano mchana wa Jumanne, siku ya kazi, atadhani unamsimulia habari za matajiri. Mjini Nagoya, hiyo ni riziki ya kila siku. Karani wa benki, fundi, mwanafunzi, mama aliyetoka kliniki na mtoto, wote wanaingia kwenye mikahawa midogo ya mitaa ya Fushimi na Sakae, wanakula spageti, wanalipa yen 1,000 hadi 1,300 na kurudi kazini. Kima cha chini cha mshahara mkoani Aichi, uliko mji wa Nagoya, kiliwekwa yen 1,077 kwa saa mwezi Oktoba 2024. Yaani sahani, saladi na kahawa ni jasho la saa moja na dakika chache. Mombasa, mwishoni mwa mwaka huohuo, kibarua wa kima cha chini alipata karibu shilingi 16,000 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 26 za kazi, unapata shilingi 615. Pizza ya shilingi 1,000 imemmalizia siku na zaidi ya nusu ya siku ya pili.

Mshahara ni sehemu tu ya jambo hili. Sehemu nyingine, ambayo sisi tungeweza kuiga hata kesho, ni jinsi mchana wenyewe unavyopangwa.

Mlangoni pana ubao wenye "ranchi", yaani seti ya chakula cha mchana, A, B na C, basi. A kwa kawaida ni pasta ya mafuta au nyanya, B ya krimu, C pizza au pasta ya siku. Bei inabeba saladi au supu, mkate na kinywaji. Kabla ya kuingia tazama herufi zilizo kando ya bei: 税込 maana yake kodi imo, 税抜 maana yake utaongezewa asilimia 10. Bakshishi haipo, na maji ni ya bure. Mhudumu atauliza kinywaji kije na chakula au baadaye. Ukisema "shokugo" kahawa itakuja ukishamaliza. Mkate si wa kuanzia, uweke wa kufutia sosi. Karatasi ya bili huachwa mezani, unaichukua mwenyewe na kulipa kwenye kaunta ya karibu na mlango. Beba noti, kwani vimkahawa vingine vidogo havipokei kadi.

Aliyezoea sahani ya wali ya kibandani atajiuliza chakula kingine kiko wapi. Kipimo cha kawaida ni gramu 100 hivi za pasta kavu. Sema "ōmori", yaani kipimo kikubwa, wakati uleule wa kuagiza, kwa yen 100 au 200 za ziada, kwa sababu pasta hupimwa kabla ya kuingia kwenye maji. Ukishaletewa sahani, hakuna wa kukuongezea. Saa nayo ina ukali wake: saa 6:00 hadi 6:45 ofisi zote zimemwagika na utapanga foleni. Fika saa 5:30, au baada ya saa 7:00. Ukifika saa 8:00 kamili unaweza kuukuta mlango wazi na jiko limeshafunga oda.

Kwa Mwislamu, na Waswahili wengi ni Waislamu, hapa ndipo penye kazi. Nguruwe yumo mahali usipomtarajia. "Mīto sōsu", ile sosi ya nyama ya kusaga, mara nyingi ni aibiki, mchanganyiko wa ng'ombe na nguruwe. Peperoncino, ambayo kwa asili ni mafuta, kitunguu saumu na pilipili tu, Japani huletwa na bekoni mara nyingi. Minestrone, supu ya mboga, vilevile. Pasta ya chaza hupikwa kwa mvinyo mweupe, na mentaiko, yale mayai ya samaki yenye pilipili, mara nyingi hulowekwa kwenye viungo vyenye sake. Hata panakota, kitindamlo cha krimu, ina jelatini, ambayo huweza kutoka kwa nguruwe. Usiitegemee orodha ya mzio: vitu ambavyo sheria inalazimisha kutajwa kwenye vyakula vya pakiti ni mayai, maziwa, ngano na vingine vichache, na nguruwe hayumo. Uliza "butaniku haitte imasu ka", yaani je, kuna nyama ya nguruwe, au tafuta herufi 豚, nguruwe.

Kwenye pasta ya mafuta, "bēkon nuki de", yaani bila bekoni, hukubaliwa mara nyingi, kwa sababu inakaangwa papo hapo, sahani kwa sahani. Sosi ya nyama na supu haziondolewi kitu, maana zimepikwa asubuhi kwenye sufuria moja, na kwenye mikahawa yenye matawi mengi huletwa tayari kutoka jiko kuu. Utaombwa radhi kwa adabu kubwa na jibu litabaki hapana. Nitasema wazi: katika hili kwetu ni bora mno. Mwambie mama wa kibandani "nipunguzie chumvi, niongezee mchuzi, pilipili weka pembeni", na itakuwa. Anajua kilichomo chunguni kwa sababu yeye ndiye aliyekitia.

Nagoya pia wana spageti yao, ankake: nene, imechemshwa mapema, ikakaangwa tena na kumwagiwa sosi nzito yenye pilipili manga nyingi. Mwitaliano hataitambua. Ni tamu, lakini ile inayoitwa mirakan huja na soseji na bekoni au ham (paja la nguruwe). Chagua ya mboga, na bado uulize kuhusu sosi.

Sasa Malindi. Waitaliano wapo pale tangu miaka ya 1960. Satelaiti yao ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Ngomeni mwaka 1967. Pizza na aiskrimu ya Kiitaliano zipo, vijana wa ufukweni wanakizungumza Kiitaliano, na bado mwalimu wa shule ya msingi hapiti mlango wa mkahawa wa Kiitaliano mchana. Menyu ni ndefu, jibini ni ghali, na jiko linamngoja mtalii.

Hebu mwenye mkahawa ajaribu vyakula viwili vya mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Pakiti ya gramu 500 ya spageti inatosha watu watano. Nyanya zipo, kitunguu saumu kipo, pweza yupo. Waitaliano wenyewe kwa kawaida hawaweki jibini kwenye pasta ya vyakula vya bahari, kwa hiyo gharama kubwa inaondoka hapo hapo. Pweza achemshwe asubuhi kwa moto mdogo, dakika 45 hadi saa nzima kulingana na ukubwa, bila chumvi, kwani mwenyewe anayo. Maji yake yasimwagwe, vijiko viwili vitatu vinaingia kwenye sosi. Kachumbari badala ya saladi, maji ya ukwaju badala ya kahawa, bei moja ubaoni yenye kodi ndani, na jiko lifunge oda saa 8:00.